Kufufua pikapu ya zamani nyumbani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hizi nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua pikapu ya zamani kwa bei ya chini aitengeneze mwenyewe uani, kwa sababu nimeona nyingi zinaishia juu ya mawe, tairi zimetolewa, nyasi zimeota mpaka mlangoni. Mara nyingi gari yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo, ila mwenye gari alianza na rangi na redio, breki hajagusa, hela ikaisha, moyo ukavunjika. Mi nasema hivi na nitalirudia: kwanza isimame, ndo iende, urembo uje mwisho.

Hivi inafaa kweli kununua ya zamani nikatengeneze mwenyewe?

Inafaa, kama unapenda kazi ya mikono na una gari nyingine au njia nyingine ya kukufikisha kazini wakati hii imefunguliwa. Pikapu za zamani zimejengwa kirahisi sana, chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari yote) chini, kebini imefungwa juu kwa bolti, bodi ya nyuma nayo imefungwa kwa bolti, injini ina nafasi unaweza kuingiza mikono yote miwili, hakuna kompyuta ya kukusumbua au ipo ndogo tu. Ila kama unaitegemea hiyo hiyo ikubebee mzigo wiki ijayo basi usinunue iliyochoka, kwa sababu utatengeneza kwa haraka na haraka kwenye breki na stelingi inaua.

Nikienda kuiangalia nianze na nini?

Chesisi. Watu wote wanakimbilia kufungua boneti, we lala chini. Injini inabadilishwa, gia boksi inabadilishwa, kebini pia inabadilishwa, lakini chesisi iliyooza inabadilisha hesabu nzima na hapo ndo "bei rahisi" inakuwa ghali kuliko ile iliyokuwa imesimama jirani.

Nenda na tochi, bisibisi kubwa na nyundo ndogo, omba ruhusa ya mwenye gari alafu gonga gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinatoa mlio mkali, kilichooza kinatoa mlio wa kufa kama umegonga kadibodi. Sehemu za kukaa nazo muda mrefu ni pale springi bapa za nyuma zinaposhikwa na chesisi, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, nyuma kabisa karibu na bampa, na ile nafasi nyembamba kati ya bodi ya nyuma na chesisi ambako tope linakaa miaka na miaka likiwa na unyevu. Kama chesisi ni ya boksi, kutu inaanzia ndani, kwa hiyo nje inaweza kuonekana nzima kabisa na ukisukuma bisibisi inazama. Ukikuta imepakwa lami nyeusi mpya, imara, inang'aa, na gari yenyewe ni ya miaka thelathini, jiulize kwa nini mtu amepaka wiki moja kabla ya kuuza.

Angalia pia kama chesisi imewahi kupinda au kukatwa ikaungwa. Simama nyuma mbali kidogo uone kama kebini na bodi zimekaa mstari mmoja, pengo kati yao liwe sawa juu na chini. Pengo likiwa pana juu na jembamba chini, au upande mmoja tofauti na mwingine, hiyo imebeba mzigo kupita kiasi au imegonga.

Alafu namba ya chesisi. Isome mwenyewe kwenye chuma, ilinganishe na karatasi herufi kwa herufi kabla hujatoa hata senti. Namba iliyograindiwa au kuchomelewa karibu yake, ondoka.

Na injini najuaje kama nzima?

Fika ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue kuna kitu kilikuwa kinafichwa, mara nyingi ni ugumu wa kuwaka asubuhi.

Ikiwa imewaka angalia moshi. Wa bluu inachoma oili. Mweusi mafuta mengi hewa kidogo, inaweza kuwa filta ya hewa tu. Mweupe kidogo asubuhi ni kawaida hasa kwa dizeli, ila mweupe usiokatika hata injini ikipata moto na maji ya redieta yanapungua, hapo gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, mvuke kidogo sio kesi, lakini kama inapuliza kwa nguvu kama pampu ujue ringi za pistoni zimeisha. Na ukikuta oili imekuwa nyeupe nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Ukiweza pima kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda), hicho ndo kipimo kisichodanganya. Injini nyingi za petroli za zamani zikiwa na afya zinasoma kati ya 150 na 190 psi, na kikubwa kuliko namba yenyewe ni silinda zisipishane zaidi ya kama asilimia 10 mpaka 15. Silinda ikiwa chini, weka kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi upime tena: ikipanda tatizo ni ringi, isipopanda tatizo ni valvu au gasketi. Hiyo ya oili ni ya petroli tu, dizeli usiijaribu, na dizeli ina geji yake kwa sababu inaweza kupita 400 psi.

Aina gani nzuri kwa mtu anayeanza?

Ile ambayo spea zake unazipata na mafundi wanaifahamu. Toyota Hilux ipo tangu 1968 na ndo maana watu wanaipenda, karibu kila kitu kinapatikana. Kabla hujanunua jua tu injini iliyomo. Ile 2L ya dizeli ni lita 2.4 ina mkanda wa taimingi (unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni), na ikichemshwa mara moja vibaya hedi inapasuka. 22R ya petroli ni lita 2.4 pia ila inatumia cheni, na nyingi zina vipande vya plastiki vya kuongoza cheni ambavyo vikivunjika cheni inaanza kukwangua kava la mbele, utasikia mlio wa kukwaruza injini ikiwaka asubuhi. Nissan TD27 ya lita 2.7 inatumia gia kwenye taimingi, hakuna mkanda wa kukatika, hiyo naipenda sana kwa mtu wa kazi. Mitsubishi 4D56 ya lita 2.5 ina mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mdogo wa shafti za kusawazisha, na ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa ukaondoka nao, kwa hiyo badili yote miwili pamoja.

Nahitaji vifaa gani?

Sio vingi kama watu wanavyofikiri. Seti ya spana na soketi, soketi ziwe za pembe sita maana zile za pembe kumi na mbili zinalamba nati zenye kutu. Bisibisi, koleo, nyundo, brashi ya waya, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mita ya umeme, tochi ya kuvaa kichwani, miwani ya kukinga macho. Jeki nzuri na stendi za chuma angalau mbili, nne ikiwezekana.

Kwenye stendi hapa nataka nieleweke. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota nati iliyodondoka. Jeki inashuka. Tofali linapasuka bila onyo. Weka kabari kwenye tairi zilizobaki chini, weka stendi kwenye chesisi, alafu isukume gari kwa nguvu kabla hujaingia. Ikitikisika ni bora itikisike wewe ukiwa nje.

Nimeshaileta nyumbani, naanza wapi?

Ioshe. Sitanii, ioshe chini kote, toa tope na grisi ya miaka yote, kwa sababu hauwezi kuona ufa wala kinachovuja kwenye gari chafu. Alafu kaa na daftari uandike kila kasoro, kila moja, usitengeneze kitu chochote siku hiyo. Gawa kwenye makundi matatu: vinavyoweza kuua (breki, stelingi, tairi, chesisi, mafuta yanayovuja), vinavyoweza kuua injini (oili, maji, mkanda wa taimingi), na vinavyoudhi tu. Fanya kwa mpangilio huo huo, na ukijikuta unatafuta taa mpya za urembo wakati breki hazijafunguliwa rudi kwenye daftari.

Na piga picha kila kitu kabla ya kufungua. Waya, mirija, springi za breki zilivyokaa. Fungua upande mmoja tu wa breki, mwingine uache mzima uwe mwalimu wako.

Breki za gari iliyokaa muda mrefu zinahitaji nini?

Zinahitaji kufunguliwa zote, magurudumu manne, hata kama "zinashika".

Mbele kama ni diski, angalia unene, kima cha chini kimeandikwa kwenye diski yenyewe au kwenye manyuo (kitabu cha maelekezo) ya gari. Pistoni za kalipa lazima zirudi ndani bila kugoma, zikigoma padi zinaungua upande mmoja na gari inavuta. Nyuma kwenye dramu, kunja kidogo kile kifuniko cha mpira cha wili silinda uangalie ndani, ukiona majimaji inavuja, badili za pande zote mbili. Vumbi la dramu usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo, breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu, lowesha kwanza alafu futa kwa kitambaa ukitupe.

Mirija ya chuma ipitie kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma, ikiwa na kutu ya magamba badili mrija mzima, usikate katikati ukaunga kwa mpira na klampu, mgandamizo wa breki utaufumua siku unayokanyaga kwa nguvu, yaani siku ile ile unayoihitaji. Mipira ya breki nayo ina ugonjwa mmoja unaosumbua watu: inavimba kwa ndani, nje inaonekana safi, breki inashika lakini haiachii, mtu anabadili kalipa mbili bure kumbe ni mpira.

Mafuta ya breki yanakunywa unyevu kutoka hewani kwa hiyo yaliyokaa miaka mitano yana maji ndani, yakipata moto kwenye mteremko yanachemka na pedali inazama. DOT 3 na DOT 4 ni jamii moja, DOT 5 ni ya silikoni usiichanganye nazo. Na usije ukaweka oili ya injini au haidroliki kwenye breki, mipira yote inavimba na mfumo mzima unakuwa wa kutupa. Yakimwagika kwenye rangi mwagia maji haraka, yanakula rangi.

Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Ukiwa na msaidizi anayekanyaga, mwambie asishindilie pedali mpaka chini kabisa, kwa sababu kwenye masta ya zamani sehemu ya mwisho ya silinda ina kutu, haijawahi kuguswa na mpira wa ndani, ukiupeleka huko unachanika. Mi iliwahi kunitokea, masta ilikuwa inafanya kazi asubuhi, mchana baada ya kutoa hewa ikafa kabisa, nikahangaika siku mbili nikifikiri bado kuna hewa.

Kitu kingine ambacho pikapu inacho na gari ndogo nyingi hazina ni ile vavu ya mzigo, ipo juu ya ekseli ya nyuma ina fimbo inayosoma gari imebeba kiasi gani, ukibeba mzigo inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Zikikaa sana zinaganda, breki za nyuma zinakuwa kama hazipo. Na ukinyanyua gari juu kwa springi ndefu bila kurekebisha ile fimbo, vavu inadhani gari haina mzigo siku zote.

Tairi zina kashata (meno) nzuri lakini ni za zamani, nitumie?

Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Ikiwa imepita miaka kumi usiiamini hata kama kashata ni nene, na ikiwa na tarakimu tatu tu ni ya kabla ya 2000, itoe leo.

Nati na bolti zimeshika kutu, kila ninachogusa kinakatika!

Karibu kwenye kazi yenyewe. Nusu ya kutengeneza pikapu ya zamani ni kufungua bolti, kufunga ni rahisi.

Anza siku mbili tatu kabla. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, nyunyiza dawa ya kupenya kutu, acha, kesho nyunyiza tena. Siku ya kufungua igonge bolti kichwani mara kadhaa kwa nyundo, mtikisiko unafungua njia ya dawa kuingia. Alafu anza kwa kukaza kidogo, kidogo sana, ukisikia imetii ndo ulegeze, ikigoma rudi mbele, nenda nyuma, kila mara robo ya mzunguko huku ukiongeza dawa. Uvumilivu hapa unaokoa bolti nyingi kuliko nguvu.

Ikigoma kabisa tumia moto kwenye nati, sio kwenye bolti, nati ikitanuka inaachia. Ila moto usiusogeze karibu na tenki la mafuta, mipira ya breki wala shokapu, shokapu lina gesi na oili ndani linaweza kulipuka, na ile dawa uliyonyunyiza nayo inashika moto kwa hiyo futa kwanza. Pini za springi bapa za nyuma ndo sugu kuliko zote, bushi yake ya chuma inaungana na pini kabisa, nyingi utazikata kwa grainda, kwa hiyo nunua bushi na pini mpya kabla hujaanza kuzigusa.

Bolti ikikatikia ndani na imebaki shingo kidogo, chomelea nati mpya juu yake, ule moto wa kuchomelea wenyewe unailegeza. Ikikatikia usawa, toboa katikati kabisa. Ukienda pembeni umeharibu nyuzi, hapo peleka kwa mtu mwenye mashine.

Ukirudishia paka grisi ya shaba kwenye nyuzi. Isipokuwa za magurudumu, hizo rudisha zikiwa safi na kavu na ukaze kwa toki renchi kufuata manyuo.

Inachemsha, nitoe thamostati?

Hapana! Ushauri huu umeua injini nyingi. Bila thamostati maji yanazunguka ovyo, injini haifiki joto lake, inakula mafuta na kuchakaa, na tatizo lililokuwepo linabaki pale pale limejificha.

Anza na vitu vidogo. Kifuniko cha redieta, mpira wake ukichoka hakishiki presha na maji yanachemka mapema. Mapezi ya redieta yaliyojaa wadudu na tope, yaoshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Mkanda wa feni uliolegea. Ile feni yenye kiungo cha mnato, injini ikiwa imezimwa na ina moto izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi raundi nyingi imekufa. Thamostati yenyewe itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Ndani ya redieta ukiona tope la kahawia mtu amekuwa akitumia maji matupu miaka yote, flashi mpaka yatoke safi alafu weka kuleti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi.

Ukishapita yote hayo na redieta bado inatoa mapovu mfululizo injini ikiwa imewaka, gasketi ya hedi. Usifungue kifuniko ikiwa ya moto, maji yanaruka usoni. Na kuleti ni tamu na ni sumu, usiiache kwenye beseni ambapo mtoto au mbwa anafikia.

Dizeli yangu asubuhi inagoma, mchana inawaka vizuri.

Mawili: hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) au hewa kwenye mafuta. Hita plagi pima hivi, toa ile bati inayoziunganisha, chukua taa ya majaribio uifunge kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi, inayowasha taa waya wake wa ndani ni mzima, isiyowasha imekufa. Na pima pia kama umeme unafika kwenye bati ukiwasha swichi, mara nyingi plagi ni nzima ila relei imekufa. Ukinunua soma volti iliyoandikwa, sio zote ni za volti 12.

Kama hita zote ziko sawa na ukipampu kwa mkono juu ya filta inawaka vizuri, hewa inaingia mahali usiku na mafuta yanarudi kwenye tenki. Weka mrija unaoonekana ndani kabla ya pampu uangalie mapovu. Mara nyingi ni vimpira vidogo vya kurudisha mafuta kwenye nozeli au mpira wa ile pampu ya mkono, vitu vidogo kabisa. Ila usiweke mkono karibu na nozeli au mrija wa presha unaovuja wakati injini inaunguruma, dizeli inapenya ngozi na ikitokea nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Mkanda wa taimingi, muuzaji anasema alibadili mwaka jana.

Hana risiti? Badili. Kwenye dizeli ukikatika pistoni zinapiga valvu. Badili na beringi yake ya kukazia na sili zilizo hapo nyuma kwa mkupuo mmoja.

Umeme unanichanganya, taa hafifu, stata inazunguka kivivu.

Kabla hujanunua betri wala alteneta angalia nyaya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri). Gari ya zamani inahitaji tatu nzuri: betri kwenda chesisi, injini kwenda chesisi, kebini kwenda chesisi. Ile ya injini ndo inayosahaulika, mtu ametoa injini kurudishia kasahau, umeme wa stata unapita kwenye kebo ya klachi mpaka inaungua. Safisha mpaka chuma kiwe cheupe, funga, paka grisi juu.

Betri iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kupima ethi weka mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini wakati mtu anapiga stata, ikizidi kama volti 0.5 waya au kiungo ni kibovu. Taa za mbele za pikapu nyingi za zamani umeme wake wote unapita kwenye swichi ya usukani, ukiweka relei mbili na waya mnene kutoka betri utashangaa taa zile zile zinavyowaka. Fyuzi inayoungua kila mara usiizibe kwa waya, tafuta inapogusa.

Kutu nichomelee au nipake tu?

Kutu ya juu juu sugua mpaka chuma, weka dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi. Iliyotoboa inakatwa mpaka ufike kwenye chuma kizima, hata kama kiraka kinakuwa kikubwa kuliko ulivyopanga. Kuchomelea bati juu ya kilichooza ni kufunika tu, kutu inaendelea katikati.

Chesisi kama hujawahi kuchomelea usijifunzie hapo. Anayefanya atumie bati la unene ule ule, ncha za kiraka zikatwe mshazari ili mstari wa kuchomelea usikate chesisi wima moja kwa moja, kwa sababu ukikata wima chuma kinapasuka pembeni ya mstari ule. Kabla ya kuchomelea chomoa betri na alteneta, toa tenki la mafuta liende mbali, ndoo ya maji na kizima moto viwe karibu, na ukimaliza kaa hapo nusu saa zaidi. Ndani ya chesisi nyunyiza nta kupitia matundu yake, na yale matundu ya kutolea maji chini ya milango na chesisi yazibue, usiyazibe kwa lami.

Oili za gia boksi na difu (gia za kwenye ekseli) nazo?

Zote, siku ya kwanza. Fungua tundu la kujazia KABLA ya la kumwagia, ukishamwaga alafu la kujazia likagoma umebaki na gari isiyoenda popote. Gia boksi nyingi za zamani zinataka oili ya daraja la GL-4, ukiweka GL-5 ya difu inaweza kula sinkronaiza za shaba, soma manyuo. Oili chafu weka kwenye galoni upeleke wanakopokea, usimwage chini, na vaa glavu, ile nyeusi ikizoeleka kwenye ngozi ina madhara ya kansa.

Kazi gani nimwachie fundi?

Kuchomelea chesisi, pampu ya dizeli na nozeli, kusawazisha hedi, alaimenti (kunyoosha magurudumu), kutoboa silinda. Na kazi yoyote ya breki uliyofunga lakini moyo haujatulia, mlipe mtu mwenye uzoefu aipitie kwa macho tu, sio aibu.

Nitajuaje imekuwa tayari kubeba mzigo?

Jaribu kidogo kidogo. Siku ya kwanza uani, pedali ishikiliwe kwa nguvu dakika nzima isizame, handibreki ishike kwenye mteremko. Alafu barabara tupu mwendo mdogo, breki kali mara kadhaa, ivute sawa. Rudi, gusa rimu zote nne kwa uangalifu, moja ikiwa ya moto kuliko zenzake breki yake haiachii au beringi imekazwa mno. Lala chini uangalie kinachovuja, ndo maana uliiosha.

Baada ya kilomita 50 hadi 80 kaza tena nati za magurudumu kwa toki renchi, na bolti za U za springi kama ulizifungua, hizo zinalegea kidogo zikishakaa. Angalia maji na oili kila asubuhi kwa wiki mbili. Mzigo anza na robo, alafu nusu, na kila mara unarudi chini na tochi. Mimi na kaka yangu yetu tulikaa nayo miezi kumi na moja mpaka siku ya kubeba mzigo kamili, na siku hiyo tulisimama mara tatu njiani kugusa rimu.